Hakupita kipimo cha masikio, lakini anashtuka sufuria ikigongwa: tusubiri au twende?

"Binti yangu alizaliwa kwa wiki 34. Alilazwa wodi ya watoto njiti siku 9, akawekwa chini ya taa kwa sababu ya manjano, na akachomwa sindano za antibayotiki. Siku moja kabla ya kuruhusiwa alipimwa masikio kwa mashine ndogo. Sikio la kulia likapita, la kushoto halikupita. Tuliambiwa turudi baada ya wiki mbili lakini hatukurudi, kwa sababu mama mkwe wangu, aliyelea watoto wanane, alisema masikio ya mtoto hayafunguki sawasawa mpaka arobaini ipite. Sasa ana wiki 9. Tukigonga sufuria anashtuka, na ameanza kutoa sauti za 'aguu'. Mume wangu anasema tusubiri afikishe mwaka tuone kama ataongea. Hospitali yenye kipimo kikubwa iko mbali na nauli si ndogo. Tusubiri au twende?"

Mama, jibu langu ni kwamba mwende, na mwende ndani ya wiki tatu au nne zijazo bila kungoja mtoto atimize mwaka. Sisemi hivyo kwa kuwa naamini binti yako ni kiziwi. Watoto wengi ambao hawapiti kipimo cha kwanza hukutwa wanasikia vizuri wanapopimwa tena, na huenda nanyi mkarudi nyumbani mkiwa mmetua mzigo. Lakini karatasi mliyopewa haikusema kwamba mtoto hasikii, wala haikusema kwamba anasikia. Ilisema tu kwamba mashine haikukipata kile ilichokuwa ikikitafuta katika sikio la kushoto. Swali hilo limebaki bila jibu kwa takriban wiki nane, na historia ya kuzaliwa kwake ndiyo inayonifanya nisipende likae zaidi.

Nianze na mama mkwe wako, kwa maana mtu aliyelea watoto wanane hasemi jambo bila kuwa ameona kitu. Ni kweli kwamba sikio la mtoto huzaliwa halijawa safi. Njia ya sikio huwa na mabaki ya ule utando mweupe wa mafuta anaozaliwa nao, na nyuma ya ngoma ya sikio, mahali panapopaswa kuwa na hewa, huwa na majimaji. Vitu hivi huondoka vyenyewe ndani ya saa na siku za mwanzo, ndiyo maana mtoto akipimwa kabla ya kutimiza saa 24 hushindwa mara nyingi zaidi kuliko akipimwa siku ya pili au ya tatu. Tena ni kweli kwamba baada ya arobaini mtoto huonekana kusikia zaidi: anatulia akisemeshwa, anakodoa macho mlango ukifungwa. Ila kinachobadilika hapo kwa sehemu kubwa ni kwamba anakaa macho muda mrefu zaidi na anaanza kuyajali mambo yanayomzunguka. Masikio hayakuwa yamefumba.

Sehemu ya ndani ya sikio, ile yenye umbo la konokono tunayoiita koklea, huwa imeshakamilika kwa umbo mimba ikiwa katika wiki ya 20 hivi, na kufikia wiki ya 28 watoto wengi walio tumboni huitikia sauti kwa kucheza au kwa mapigo ya moyo kubadilika. Wanachokisikia humo ndani ni sauti nene zaidi kuliko nyembamba, kwa kuwa mwili wa mama na maji ya chupa huzuia zile nyembamba. Kwa hiyo mtoto huzijua lafudhi na mapigo ya maneno ya mama yake kabla hajaijua herufi hata moja. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wenye umri wa siku chache chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti, wakaona kwamba watoto hao walibadilisha namna ya kunyonya ili wapate kuisikia sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mtoto mchanga, basi, anasikia tangu siku ya kwanza. Binti yako naye, ingawa alitoka tumboni wiki sita kabla ya wakati wake, alizaliwa koklea zake zikiwa tayari kwa kazi.

Kisichokuwa tayari ni njia inayofuata baada ya koklea. Mshipa wa fahamu unaobeba sauti kwenda kwenye shina la ubongo huzaliwa haujavikwa kikamilifu ile ala ya mafuta inayoharakisha ujumbe, na kazi hiyo ya kuvika huendelea hadi mtoto akaribie miaka miwili. Ujumbe unafika, lakini unakwenda polepole kuliko kwa mtu mzima, na kwa njiti unakwenda polepole zaidi. Nalisema hili kwa sababu vipimo viwili vya masikio ya watoto wachanga husikiliza mahali pawili tofauti katika njia hiyo, na mtu asipojua kila kimoja kinasikiliza wapi, majibu yake humchanganya.

Mashine ndogo mliyokutana nayo inasikiliza kwenye koklea yenyewe. Mwaka 1978 David Kemp, akiwa London, alionyesha jambo ambalo wengi hawakuliamini mwanzoni: sikio zima likipelekewa sauti hurudisha mwangwi hafifu, unaotengenezwa na seli za vinyweleo vya nje ndani ya koklea. Mashine hutoa mlio mdogo sikioni, kisha hunyamaza na kuusikiliza mwangwi huo. Mwangwi ukipatikana, seli hizo zinafanya kazi. Usipopatikana, sababu inaweza kuwa seli, lakini inaweza pia kuwa uchafu uliobaki njiani, majimaji nyuma ya ngoma, mdomo wa kifaa usiokaa vizuri katika tundu dogo la njiti, mtoto kujinyonganyonga, au kelele za wodi. Kama binti yako angepimwa siku aliyozaliwa, ningeegemea sana upande wa uchafu na majimaji. Alipimwa siku ya nane, kwa hiyo uzito wa maelezo hayo unapungua, ingawa haujaisha.

Kipimo kikubwa mnachoambiwa kiko mbali kinasikiliza mbele zaidi, kwenye mshipa wa fahamu na shina la ubongo. Mtoto akiwa amelala hubandikwa vibandiko vidogo vyenye waya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, huwekewa vipokea sauti vidogo, na mashine hurekodi umeme mdogo unaozalishwa na mshipa huo kila mlio unapopita. Mawimbi yanayotafutwa hutokea yote ndani ya takriban sehemu 10 za elfu ya sekunde, na mtaalamu hupunguza mlio hatua kwa hatua mpaka aone ni kiwango gani cha chini ambacho bado kinaleta wimbi. Hakiumi, hakina mionzi, na hakipeleki umeme wowote mwilini mwa mtoto. Vibandiko vinapokea tu. Hapa ndipo umri wa njiti unapohesabiwa kwa namna yake: binti yako ana wiki 9 tangu azaliwe, lakini kwa ukomavu wa mishipa ni kama mtoto wa wiki 3 aliyezaliwa kwa wakati, na majibu yake yanapaswa kulinganishwa na ya watoto wa umri huo. Mwambieni mtaalamu mapema kwamba alizaliwa wiki ya 34, hata kama hakuuliza.

Kuna jambo ambalo huenda hukulitarajia, nalo linahusu lile sikio la kulia lililopita. Manjano yakizidi sana, ile rangi ya bilirubini inaweza kudhuru mshipa wa usikivu na vituo vyake katika shina la ubongo huku ikiziacha seli za koklea zikiwa salama. Mtoto wa namna hiyo hutoa mwangwi mzuri kabisa, mashine ndogo ikampitisha, na kumbe sauti haifiki inakokwenda, au inafika imevurugika. Usishtuke: manjano ya kutibiwa kwa taa peke yake ni ya kawaida mno kwa njiti, na wengi wao hawapati madhara hayo, hatari huwa kubwa zaidi pale yanapofikia kiwango cha kubadilishiwa damu. Hata hivyo, kwa mtoto aliyelazwa wodi maalumu zaidi ya siku 5, utaratibu unaokubalika ni kumpima kwa kipimo cha shina la ubongo tangu mwanzo badala ya mwangwi peke yake, kwa sababu hiyohiyo. Kama hakupimwa hivyo, basi hata upande wa kulia bado una deni. Sindano nazo zina hesabu yake, kwa kuwa dawa za jamii ya gentamisini, zinazookoa maisha ya watoto wengi, zinaweza kudhuru seli za koklea, hasa zikitolewa kwa siku nyingi. Tafuteni katika karatasi za kuruhusiwa jina la dawa na idadi ya siku, mwende nazo.

Sasa sufuria. Sufuria ikigongwa karibu na mtoto hutoa kelele inayoweza kupita desibeli 90, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu waliokaa pamoja ni kama desibeli 60, na uchunguzi wa awali wa shina la ubongo hutumia milio ya desibeli 35 hivi. Mtoto aliyepoteza usikivu kwa kiasi cha kati, ambaye bila msaada hatajifunza kuongea sawasawa, bado atashtushwa na sufuria. Atashtuka pia kwa upepo wa mkono, kwa mtikisiko wa kitanda, au kwa kuiona sufuria yenyewe. Zaidi ya yote, kushtuka hakuambii ni sikio lipi lililosikia, na sikio moja zima linatosha kumfanya aruke. Kinyume chake nacho ni kweli: mtoto mwenye masikio mazima akiwa katika usingizi mzito, au akishaizoea kelele hiyo baada ya kugongewa mara tatu, hatashtuka, na nyumba nzima italia bure.

Msione haya kwa kujaribu, maana hata wataalamu walipita njia hiyo. Irene na Alexander Ewing wa Manchester walieleza mwaka 1944 namna ya kumpima mtoto kwa njuga na sauti ndogo zinazotolewa pembeni, nje ya macho yake, na kwa miongo mingi wauguzi wa Uingereza walitumia njia hiyo kwa watoto wa miezi saba hadi tisa. Ilifanywa kwa uangalifu mkubwa, na bado watoto wengi waliikwepa kwa kuona kivuli, kunusa manukato au kugeuka kwa bahati tu. Wenzetu hao hatimaye waliiacha, wakaanza kupima kila mtoto katika wiki zake za mwanzo kwa mashine hizi tunazozizungumzia.

Kuhusu "aguu", natamani ningeweza kuichukua kama ushahidi, lakini siwezi. Watoto wasiosikia kabisa hulia, hucheka na hutoa sauti za koo katika miezi ya mwanzo kama wengine. Tofauti huanza kuonekana baadaye, pale mtoto anayesikia anapoanza kupanga silabi, "bababa" na "mamama", kati ya miezi 6 na 10. Asiyesikia huchelewa hapo, au sauti zake hupungua. Ndiyo maana familia nyingi husema mtoto wao "aliacha" kuongea, na wakati mwingine hupelekwa kukatwa udata wakati ulimi hauna kosa lolote.

Hoja ya mume wako ya kusubiri mwaka naielewa, kwa kuwa inaonekana kupunguza gharama. Kwa kweli inaziongeza. Kipimo cha shina la ubongo kinataka mtoto alale fofofo, na mtoto wa miezi miwili hadi mitatu ananyonya, analala, na anapimwa bila dawa yoyote. Akifika miezi sita mambo hubadilika: haachi vibandiko, hataki kulala mahali pageni, na mara nyingi inalazimu apewe dawa ya usingizi chini ya uangalizi, jambo ambalo lina gharama zake na tahadhari zake. Kuanzia ukomavu wa miezi sita hivi kinawezekana kipimo kingine, ambacho mtoto hufundishwa kugeukia mwanasesere anayewaka taa kila anaposikia mlio. Ni kipimo kizuri sana, kwa maana kinaonyesha mtoto mwenyewe akitumia usikivu wake, lakini kinahitaji shingo imara na umakini, na binti yako bado ana miezi kadhaa kabla ya kukifikia. Hizi wiki mlizo nazo, kwa hiyo, ndizo rahisi kuliko zote.

Na kuna lugha. Mtoto hujifunza kuzipanga sauti za lugha ya nyumbani kwake muda mrefu kabla ya neno la kwanza. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliokulia katika Kiingereza waliweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawazitofautishi, na kwamba walipokaribia mwaka mmoja uwezo huo ulikuwa umepungua, kwa kuwa masikio yalikuwa yameshachagua lugha ya kuifuata. Mfikirieni mtoto wa Kiswahili anayekosa sauti nyembamba tu. "Fika", "shika" na "pika" kwake zote ni "-ika". Lugha yetu inaweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na habari ya nani amefanya nini, na lini, inabebwa na silabi fupi zisizo na mkazo mwanzoni mwa neno: ni-, a-, wa-, -na-, -li-. Asiyezisikia hizo atajua kwamba kuna kupika, asijue nani anapika wala kama chakula kilishaiva. Utafiti wa Christine Yoshinaga-Itano na wenzake huko Colorado, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta kwamba watoto waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na kusaidiwa mapema walikuwa na lugha bora kuliko waliogunduliwa baadaye. Kutokana na ushahidi wa namna hiyo imekuja kanuni ya 1-3-6: uchunguzi wa awali kabla ya mwezi 1, jibu kamili kabla ya miezi 3, msaada uwe umeanza kabla ya miezi 6. Ninyi bado mko ndani yake.

Je, mnaweza kuanza kwa kurudia kile kipimo kidogo karibu na nyumbani? Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, bila kulazwa, ningesema ndiyo, na kama angepita ningefurahi pamoja nanyi. Kwa binti yako nashauri msitumie nauli mara mbili. Ombeni rufaa ya moja kwa moja ya kipimo kamili cha shina la ubongo, masikio yote mawili, pamoja na kipimo cha mwendo wa ngoma ya sikio. Hiki cha pili kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinapaswa kutumia mlio wa hezi 1000, kwa sababu kuta za njia ya sikio lake bado ni laini na mlio mnene wa hezi 226 unaotumika kwa wakubwa unaweza kudanganya. Huduma hizi kwa kawaida zinapatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam na Kenyatta jijini Nairobi, na katika baadhi ya kliniki binafsi. Pigeni simu kwanza, mhakikishe kwamba mashine inafanya kazi na mpewe siku. Safari ya bure inaumiza kuliko kusubiri wiki moja.

Siku ya kwenda, asilale njiani kama inawezekana, wala asinyonye akashiba kabla ya kufika. Mnyonyeshee pale, ashibe, alale. Msimpake mafuta usoni wala nyuma ya masikio, na kama kwenu hupakwa wanja kwenye paji la uso, siku hiyo liacheni wazi, kwa maana vibandiko havishiki penye mafuta wala penye wanja. Bebeni khanga aliyoizoea. Kipimo kinaweza kuchukua saa moja hadi mbili, na akiamka katikati mnaweza kulazimika kurudi. Haimaanishi kwamba kuna tatizo.

Majibu yakitoka, msikubali neno "kawaida" au "si kawaida" peke yake. Ulizeni kila sikio lilifika desibeli ngapi, na kama kuna tatizo, lipo mbele ya koklea, kwenye koklea au kwenye mshipa. Majimaji nyuma ya ngoma hufuatiliwa na mara nyingi huisha. Ikiwa ni sikio la kushoto pekee, watoto wengi wa namna hiyo huongea. Shida zao huwa kujua sauti inatoka upande gani na kusikia darasani penye kelele, nao wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu, kwa sababu baadhi yao usikivu hushuka baadaye. Ikiwa ni masikio yote, visaidizi vya usikivu, ambavyo wengi huviita shime sikio, vinaweza kuvaliwa hata na mtoto wa miezi michache, na kwa upotevu mkubwa sana kuna upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya koklea, ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Lugha ya alama nayo ianze mapema. Haimzuii mtoto kuongea kama wengi wanavyohofia. Na kwa njiti, jibu la mshipa lisilo zuri hurudiwa baada ya miezi michache kabla ya uamuzi wowote mkubwa, kwa kuwa wapo ambao mishipa yao hukomaa taratibu na jibu likabadilika.

Wakati mnasubiri, mwongeleshe kwa karibu, uso kwa uso, anaponyonya na anapoogeshwa. Msimtie sikioni mafuta, maziwa ya mama wala pamba za vijiti. Akitoka usaha sikioni, akipata homa kali, akidegedeka, au utosi ukivimba, hilo si la kusubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Na ikiwa itakuwa homa ya uti wa mgongo, masikio yapimwe mara tu anapopata nafuu, maana ugonjwa huo unaweza kuifanya koklea ijae mfupa na kuufunga mlango wa upandikizaji.

Mwisho, akipita masikio yote mawili, mshukuru Mungu na mwambieni bibi yake. Kisha mwombeni muuguzi aandike katika kadi ya kliniki kipimo kingine kabla ya miezi 9, kwa kuwa mtoto aliyelazwa wodi maalumu kwa siku hizo zote anaweza kupoteza usikivu baada ya kupita, na wakati huo atakuwa anaweza kukaa kwenye mapaja yako na kumgeukia yule mwanasesere wa taa.